Chaneli ya Mkono

Baada ya swala ya alasiri Bare Nunow alikaa juu ya injini mbovu nje ya kibanda cha pampu, akaanza kuweka batri kwenye rimoti ya ndege ya kuchezea. Alikuwa fundi wa kisima katika mji mdogo kando ya barabara ya Habaswein kwenda Wajir. Ndege yenyewe ilikuwa chini mbele yake, ndege ndogo ya mbao nyepesi na karatasi. Aliachiwa na mhandisi mzungu aliyekuja kuchimba visima, akarudi kwao ukame wa mwaka 1992 ulipopungua.

Mkewe, Hani, ndiye aliyetaka aishughulikie. Boksi la ndege hiyo lilikuwa limekaa chini ya kitanda mwaka mzima. Alimwambia airushe au ampe mtu, kwa kuwa siku hizi yeye alikuwa akilala hata mchana, na alihitaji pa kuweka birika na dawa zake.

Hani alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama tende, ukawa kama yai, na sasa ulikuwa umeibana sauti yake hata akitaka kusema ilibidi umsogelee. Daktari wa Garissa alisema upasuaji wa kuuondoa hufanywa Nairobi. Mara mbili walipanda basi, na mara mbili askari wa kizuizi cha daraja la Tana walimshusha Hani. Hakuwa na kitambulisho, wala ile kadi ya pinki waliyopewa Wasomali mwaka wa ukaguzi wa uraia kuonyesha kwamba ni Wakenya. Siku wakaguzi walipofika mjini, Hani alikuwa mbali malishoni, akichunga mbuzi wa baba yake. Aliporudi, meza zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Tangu hapo serikali haikumjua.

Bare alikwenda mara nyingi kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa, mpaka makarani wakaacha kumwuliza shida yake. Ofisi ilitazamana na kibanda cha pampu, ng'ambo ya uwanja wa bendera. Mara ya mwisho alimwambia, "Bwana DO, mke yangu alizaliwa hapa. Hata hii kisima inajua yeye."

"Basi kisima kimwandikie kitambulisho," DO alijibu, akaendelea kufungua bahasha zake.

Jioni hiyo Bare alifuata picha za kijitabu, moja baada ya nyingine. Alihakikisha kwamba kristali ya rimoti, kile kipande cha kuchagua mawimbi, na kristali iliyo ndani ya ndege zina namba ileile, maana zikitofautiana, kimoja husema na kingine hakisikii. Akavuta antena. Akawasha rimoti kwanza, kisha ndege. Akasukuma kijiti kulia.

Mkia wa ndege haukutikisika. Ng'ambo ya uwanja, ndani ya dirisha, DO aligeuka kushoto.

Bare akasukuma tena. DO akageuka tena kushoto, akajigonga kwenye kabati. Kijitabu kilieleza kwamba usukani ukienda kinyume, ipo swichi ndogo ya kuugeuza. Bare akaibonyeza, na sasa kulia kukawa kulia. Hata kijiti kikiwa katikati, DO alikuwa bado akivutwa kidogo upande wa bendera, kwa hiyo Bare alisogeza kirekebishi kidogo kidogo mpaka akasimama wima. Kisha akakunja antena, akatembea hadi kwenye mabirika ya kunyweshea ngamia, apime kama mawimbi yanafika. Yalifika. Akarudi, akavuta antena tena, na kusukuma kijiti cha nguvu. DO alitoka mlangoni na kupaa, akasimama hewani juu ya paa la ofisi, viatu vyake vikining'inia.

Askari wa zamu alimpigia saluti kwa kuinua uso zaidi ya kawaida. Muslimo, shangazi yake Hani, aliyekuwa akipita na vibuyu vya maziwa, aliuliza kama Bwana Mkubwa atakuwapo kesho, kwa kuwa wanawe wawili nao hawana vitambulisho.

Asubuhi uwanja ulijaa. Watu walimwomba Bare jambo moja tu, amshushe DO mezani na kuupeleka mkono wake kwenye fomu zao. Bare alijaribu na fomu ya Hani. Alimteremsha DO polepole, kifua kikagusa karatasi. Karani mwenyewe alimtia kalamu vidoleni. Vidole havikufumba.

Bare aliwaeleza watu kwamba rimoti ina chaneli nne. Moja ni ya nguvu, moja ya kupanda na kushuka, moja ya kugeuka, moja ya kulala ubavu. "Mkono hauna chaneli," alisema.

DO aliongea akiwa amelalia meza, bila kupandisha sauti. "Nipandishe, nishushe, ni sawa. Huyu mama simjui."

Hani alikuwa amesimama mbele yake. Kabla hajaugua, alikuwa akipita na mtungi chini ya dirisha lile kila siku, na maji aliyokunywa DO yalitoka kwenye mtungi huo.

Bare alisukuma kijiti cha nguvu mpaka mwisho. DO akapaa, akapita bendera, akapita tangi la maji. Kutoka huko mtu angeweza kuona zizi la baba yake Hani, na makaburi ya babu zake yaliyozungushiwa miiba. Bare akapaza sauti kumwuliza anaona nini.

"Naona nyumba nyingi ambazo hazijaandikishwa," DO alijibu.

Kidole cha Bare kilikuwa juu ya swichi ya kuzima. Hani akamshika mkono, akamsogelea sikioni.

"Ukimwangusha," alinong'ona, "wataleta mwingine, na lori la askari."

Bare akamshusha taratibu, akamweka mlangoni pake.

Kabla ya mvua DO alipandishwa cheo, akahamia Nairobi. Hani na Bare walijaribu daraja tena, wakarudishwa tena. DO mpya alipokalia kile kiti Bare aliwasha rimoti, na hakuhitaji kurekebisha chochote. Huyu hata alipenda kukaa juu, kwa sababu huko kulikuwa na upepo, na makarani walimrushia faili.

Jua lilipokuwa kali, watu wa foleni walikaa kwenye kivuli chake, wakasogea kila kiliposogea. Hani alikuwa miongoni mwao. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, kwa hiyo Bare ndiye aliyeita jina lake. Juu kukajibiwa kwamba mtu huyo hajulikani, na kwamba anayefuata asogee.