Kijiko cha Pili

Walikubaliana jikoni kwetu, wiki moja baada ya kumzika dada yangu. Mama alikuwa amempakata mtoto wa marehemu. Mama wa shemeji alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria, kwa sababu yule mama hawezi kukaa jikoni bila kushika kitu. Amepika shule ya bweni maisha yake yote, na ingawa amestaafu watu bado wanamwita Mpishi.

"Maziwa ya kopo hata nyie mtampa," alisema. "Maji ya moto na kijiko cha kupimia, nani ashindwe? Lakini akianza kula, aje kwangu. Mjukuu wangu hawezi kula cha watu na mimi nipo hai."

Mama akamtazama shemeji. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Sawa, mwenzangu," mama akasema. "Akianza kula."

Mimi sikuulizwa. Nilikuwa naosha chupa.

Chupa zile niliendelea kuziosha, na mtoto akawa analala kwangu. Tulimwita Kibogoyo, kwa jinsi alivyocheka na ufizi mtupu kama mzee aliyesahau meno yake kwenye glasi. Nilimjua kwa kilio. Cha usingizi kilikuwa kinakatikakatika. Cha njaa kilianzia chini, kikapanda, na kikifika juu hakishuki mpaka apate kitu. Nilitaka abaki kwetu. Sikumwambia mtu, lakini mama hakuhitaji kuambiwa.

Alipotimiza miezi sita tulimpeleka kliniki. Muuguzi akamweka kwenye mizani, mshale ukasimama palepale uliposimama mwezi uliopita. Akamtoa, akamweka tena, kama muuza viazi asiyeaminiwa na mteja. Palepale.

"Maziwa peke yake hayamtoshi tena," akasema. "Aanze chakula. Kilaini, kidogo, aina moja moja. Chumvi hapana, sukari hapana, asali hapana. Mkalisheni wima. Akikataa msimlazimishe, mjaribu tena kesho." Akanigeukia. "Mama yake ni wewe?"

"Mama mdogo."

"Haya, mama mdogo, kazi kwako."

Njiani mama alitangulia mbele. Tulipofika kwa muuza mboga ndipo akasema, "Nunua kiazi." Nikanunua kimoja. Muuza mboga akaniuliza kama nina ugomvi na tumbo langu.

Kiazi kimoja hakipikwi kama viazi vingi. Kinazunguka majini kama mtu aliyepotea, na ukigeuza macho kimeshapasuka. Nilikimenya, nikakikatakata, nikakifunika mpaka kijiko kikapita ndani bila kusukumwa. Nikakiponda, nikakipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, kisha nikakilegeza kwa maziwa yaleyale anayokunywa, ili ulimi wake ukutane angalau na mtu mmoja anayemfahamu. Nikaonja. Sikupata ladha ya kusimulia.

Kijiko kiliingia. Ulimi ukasukuma. Kiazi kikatoka, kikakaa kidevuni. Nikakirudisha, kikarudi tena. Kesho yake hivyohivyo. Baada ya kiazi nikajaribu karoti, baada ya karoti malenge. Alichojifunza ni sura ya kijiko: akikiona kwa mbali anafunga mdomo, kikikaribia anakipiga kwa mikono yote miwili. Ukuta ulikula kuliko yeye.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Si wewe unayemfundisha kufunga mdomo?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga." Akapuliza makapi. "Maana asipokula, kuna mtu hapa atafurahi."

Ilikuwa kweli kwamba kila kijiko kilichorudi kilimbakiza kwetu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, na mbavu zake nilikuwa nazisikia kwa vidole. Nikaendelea kupika kiazi kimoja kimoja.

Siku moja nilikuwa namfuta karoti sikioni, nikaweka kijiko chini karibu yake. Akakikamata. Akakigeuza, akakitazama nyuma na mbele kama mtu anayekagua mali kabla ya kununua, akaanza kunyonya mpini. Sikutaka kumnyang'anya akalia, kwa hiyo nikachukua kijiko kingine kabatini, nikachota, nikamsogezea. Mdomo ukafunguka. Akameza. Akafungua tena.

Nilidhani ni bahati. Nikamtoa kijiko chake mkononi ili nijaribu: mdomo ukafunga. Nikamrudishia: ukafunguka. Kumbe hakuwa anakataa chakula. Hakupenda tu kukaa mikono mitupu wakati mwenzake ana kazi.

Mama aliingia, akaona bakuli tupu.

"Amekula?"

"Amekula."

Akakaa. Akaichukua nguo ya mtoto iliyokuwa imeshakunjwa, akaikunjua, akaikunja upya.

"Itabidi niwaambie."

"Waambie."

Hakuwaambia siku ile, wala kesho yake. Alisubiri mpaka Kibogoyo akapimwa tena na mshale ukapanda. Shemeji alipopita jioni kumwona mtoto, shati lake limejaa vitundu vya cheche, ndipo mama akamwambia, "Mpe salamu mama yako. Mwambie mtu wake ameanza."

Mpishi alikuja Jumamosi asubuhi. Shemeji alikuwa nyuma yake amekumbatia malenge zima, na Mpishi mwenyewe alibeba sufuria yake na mwiko wa urefu wa mkono.

"Vyombo vyenu navijua," akasema. "Ni vya kuchemshia chai."

"Karibu, mwenzangu," mama akajibu. "Karibu utukane vizuri."

Mama alikuwa amesema mtoto asipewe maziwa mapema, ili Mpishi amkute na hamu. Mpishi akajifunga kanga kiunoni, akalipasua malenge lote.

"Mama, anakula kidogo sana," nikamwambia Mpishi.

"Na mimi napika kidogo."

Sufuria ile ingewalisha wapangaji wote wa nyumba yetu na wageni wao. Malenge yalipoiva, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.

"Muuguzi amekataza chumvi."

"Muuguzi huyo, alipokuwa shuleni, alikula chakula cha nani?" Lakini akafunika kopo.

Alimkalisha Kibogoyo pajani, wima, bila kuambiwa. Akachota. Mdomo ukafunga.

"Fungua, bwana mdogo. Wakubwa zako wote wamefungua."

Kibogoyo akamtazama.

"Gari linaingia! Fungueni geti!"

Geti likagoma. Mikono ikapiga, malenge yakamrukia Mpishi kilembani. Shemeji akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akanyamaza.

Mpishi alijaribu kwa wimbo. Alijaribu kwa ukali. Alijaribu kwa kujifanya anakula yeye na kumnyima. Kijiko cha pili kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikitia asubuhi, bila kujua kama ni kwa kukitoa au kwa kukificha. Mama akanitazama mfukoni, halafu akatazama dirishani, na akawa mtu anayetazama dirishani kweli. Hakusema. Na mimi sikusema.

Mwishowe Mpishi akamweka mtoto mkekani.

"Bado huyu. Mmeniita mapema."

"Labda," mama akasema.

"Basi akae kwanza. Nitarudi akishajua mdomo ni wa nini."

Shemeji akainuka kutafuta kiatu chake. Nikajua imekwisha, mtoto amebaki. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi.

Mpishi akalichukua bakuli la mtoto, akaenda nalo dirishani, akaanza kula kilichobaki akiwa amesimama, kama wapishi wanavyokula, mgongo kwa watu.

"Shuleni walikuwa wanagonga sahani kabla sijafungua dirisha," akasema. Alikuwa kama anaongea na ukuta wa jirani. "Unasikia ko-ko-ko, unajua hawa wana njaa na wewe unacho. Sasa hivi napika, huyu mwanangu anakula huko huko karakana. Sijui kupika kidogo. Juzi nimewamwagia kuku wali wa sufuria nzima."

Akaramba kijiko.

Kibogoyo akaanza kulia. Kilio kilianzia chini. Mama akanyoosha mkono kwenye chupa, ilikuwa tayari mezani. Kilio kikapanda. Ilikuwa ni suala la kumpa chupa tu, atulie, wageni waage.

"Mpe kijiko ashike mwenyewe," nikasema.

Mpishi akageuka. "Nini?"

"Cha kwake. Mikono ikiwa mitupu hafungui."

Nikakitoa mfukoni nikampa. Mama akairudisha chupa mezani taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

Mpishi akakaa, akamchukua mtoto, akampa kijiko. Kibogoyo akakikamata kijiko chake kwa mikono miwili, kilio kikakatika katikati, na kile cha Mpishi kilipofika, mdomo ulikuwa wazi unakingoja. Akameza. Akafungua. Mpishi hakucheka wala hakushangilia. Alichota, akalisha, akachota, mpaka mtoto akageuza uso mwenyewe. Ndipo akanitazama kwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Ulikuwa nacho mfukoni muda wote?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Mh." Akamfuta mtoto kidevu kwa ncha ya kanga. Alifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha akamwambia mwanawe, "Funga nguo zake."

Nilimpa chujio, vijiko vyote viwili na ile sufuria ndogo. Akaiinua sufuria kwenye mwanga.

"Hii si ya mwanasesere?"

"Kiazi kimoja, mama. Ukizidisha utalisha mtaa."

"Kiazi kimoja," akarudia, kama mtu aliyeambiwa apike punje. "Na kikizunguka?"

"Kinazunguka. Usikiache peke yake."

Si mbali wanakoishi, ni ng'ambo ya pale wanapopasua mbao. Mpishi alimbeba mgongoni, mwiko mkononi, shemeji nyuma na furushi. Kibogoyo alikuwa bado ameshika kijiko. Kwenye kona Mpishi alisimama, akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kuita watu dirishani pa jiko, "Kesho uje uone kama namkondesha, we mama mdogo!" Halafu wakapinda.

Malenge tuligawa kwa wapangaji. Kila mlango nilioubisha waliniuliza kuna sherehe gani.

Asubuhi niliamka, nikateleka kiazi. Sufuria ndogo haikuwepo, nikatumia ya chai. Kilizunguka nikikitazama. Kilipoiva nikakiponda kwa mgongo wa kijiko, na kwa kuwa chujio halikuwepo kilibaki na mabonge. Nikakaa mezani nikaanza kukila.

Mama alitoka chumbani, akaangalia bakuli, akaniangalia mimi. Akasogeza kopo la chumvi mpaka kwenye kiwiko changu.

"Tia basi," akasema. "Wewe una meno."

Nikatia.