Molekuli Nzito Iliyoachia Mapema

Kwa miaka mitatu Sekela alifanya kazi ambayo pale chuoni Mbeya hakuna aliyemuuliza habari zake. Alikuwa akikokotoa kwa kompyuta jinsi molekuli zinavyojibandika juu ya metali. Walimu wenzake wa kemia walimsalimia, wakapita. Mama yake akipiga simu kutoka Tukuyu aliuliza tu kama amekula.

Mwezi Juni alipata jibu lisilomwingia akilini. Alikuwa na molekuli mbili zinazofanana kwa kila kitu, ila moja ilikuwa na hidrojeni ya kawaida na nyingine hidrojeni nzito, yenye uzito maradufu. Kwenye kompyuta aliziweka juu ya metali ya rodiamu, akapandisha joto. Alitegemea ile nzito ing'ang'anie zaidi. Ikaachia kwanza. Alirudia mara sita. Mara ya sita alicheka kwa sauti, kisha akageuka kutafuta mtu wa kumwambia. Korido ilikuwa tupu.

Jumamosi akapanda basi kwenda Iringa kwa Mwalimu Didas, aliyemfundisha zamani na sasa amestaafu. Chimala, Igawa, Makambako, njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuanza.

Mzee aliishi peke yake mtaa wa Wilolesi tangu mkewe afariki.

"Kamwene, Mwalimu," Sekela alimsalimia mlangoni.

"Kamwene, binti. Karibu ndani, baridi kali."

Chai ilipokuwa mezani, Sekela alimweleza. Alipofika kwenye joto la kuachia, mzee akamkatisha.

"Umebadilisha majina ya mafaili. Nzito umeiita nyepesi."

"Sijabadilisha, Mwalimu."

"Kila mtu husema hivyo."

Machozi yalimlenga Sekela. Safari ya saa sita, kuja kuambiwa hivi! Lakini akaanza upya, faili moja baada ya jingine. Hidrojeni haitulii, alisema, hutikisika daima. Nyepesi hutikisika zaidi, ndiyo maana huifikia metali kwa karibu na kushikwa vizuri. Nzito hukaa juu kidogo tu, na kule juu mshiko ni hafifu.

Mwalimu Didas aliweka kikombe chini.

"Mwaka themanini na tisa nilikuwa masomoni Ujerumani," alisema. "Mimi nilipima kitu hiki hiki maabara, kwa mikono. Nikapata hivyo hivyo. Nikadhani nimechanganya chupa."

"Ukafanyaje?"

"Nikachana kurasa za daftari. Ningemuuliza nani? Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia mkate. Nilijiona mjinga, nikakaa kimya."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Sekela akammiminia chai nyingine.

"Tuandike makala pamoja," alisema mwishowe. "Jina lako na langu."

"Nitaweka nini pale? Sina hata tarakimu moja. Andika wewe, mwanangu. Usichelewe kama mimi."

Sekela alirudi Mbeya, akaandika msimu wote wa baridi. Mwezi Novemba jarida likaikubali makala yake. Chuoni ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa wiki mbili, kisha ikafunikwa na ratiba ya mitihani.

Siku hizi Mwalimu Didas humpigia simu kila Jumapili baada ya misa, humuuliza wiki hii amepata nini. Wiki nyingine huwa hajapata kitu. Basi wote wawili huongea habari za mvua, ya Mbeya na ya Iringa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuaga.