Mkalimani wa Mapato na Matumizi

Nurdini alikuwa mhasibu mzuri na msomaji mbaya. Katika ofisi za halmashauri pale Newala hakuna aliyemshinda kufunga hesabu za mwaka, lakini akisimama mbele za watu na karatasi mkononi, sauti ilimkimbia, naye akawa anaifukuza. Mwaka wake wa kwanza aliisoma taarifa ya mapato na matumizi kwa kasi ya mtu aliyeona mvua inakuja, na alipoinua macho akakuta nusu ya wasikilizaji wameshaondoka, waliobaki wanapiga soga.

Mwaka wa pili mkubwa wake akamtafutia mkalimani. Si kwamba watu wa Mkunya na Kitangari hawajui Kiswahili. Wanakijua sana. Ila Kiswahili cha taarifa, chenye bakaa na makadirio na utekelezaji, ni kingine kabisa, na wazee wengi walitaka habari za fedha zao wazisikie kwa Kimakonde. Mkalimani mwenyewe alikuwa Mwalimu Anastasia, wote wakimwita Mama Gift, mjane mstaafu, mzaliwa wa Lisekese kule Masasi, aliyeolewa Newala na kuzeekea huko. Asubuhi hiyo alipanda pikapu ya ofisi na chupa ya chai na hotipoti ya mihogo ya kuchemsha.

"Shikamoo, mama," Nurdini akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Nurdini akasema amekunywa. Mama Gift akamtazama kidogo, kisha akammiminia.

Kule Mkunya walianza vizuri. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Nurdini akasoma: "Makusanyo ya mapato ya ndani yamefikia asilimia themanini na moja ya makadirio, kutokana na kushuka kwa ushuru wa korosho."

Mama Gift akaongea. Akaongea weee, mara anaonyesha juu kwenye bati la darasa, mara anakunja kiganja kama mtu anayezungusha kitu. Watu wakacheka. Bwana mmoja wa mbele akamnyooshea Nurdini kidole na kuuliza jambo, wakacheka tena. Nurdini akaitazama karatasi yake. Hakuona cha kuchekesha.

Akaendelea mpaka kwenye miradi. "Ujenzi wa tangi la kuvunia maji ya mvua, shule ya msingi Kitangari. Mradi upo katika hatua za awali za utekelezaji, kwa kuzingatia upatikanaji wa fedha na kukamilika kwa taratibu husika."

Mama Gift akasema neno moja. Watu wakaguna kwa pamoja, kwisha.

Walipotoka Mkunya dereva aliegesha gari kivulini ili wale ile mihogo. Nurdini alikuwa na dukuduku tangu mkutanoni. Zile namba zilikuwa zake, na chini yake kulikuwa na sahihi za wakubwa. Akiambiwa kesho kwamba wananchi wamesikia jambo jingine, atasema nini?

"Mama, samahani," akaanza. "Pale kwenye mapato ya ndani mimi nimesema mstari mmoja. Wewe umesema mingi."

"Ndiyo, mingi."

"Ulisema nini?"

"Niliwaeleza habari za marehemu Baba Gift." Mama Gift akafuta vidole kwa ncha ya khanga. "Cecil wangu, kila mwaka kabla ya korosho kuanguka, alikuwa anapanga. Tutapata kiasi hiki, tutaezeka bati, tutalipa ada, mke wangu nitamnunulia cherehani. Halafu mikorosho inapigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yanakauka, tunapata pungufu. Basi tukishalipwa ananiketisha mkekani, ananisomea. Tulitarajia hiki, kimeingia hiki. Ada tumelipa. Bati tumeezeka upande mmoja. Cherehani, mke wangu, mwakani. Ndiyo nikawaambia, na halmashauri nayo mwaka huu imekuwa kama Cecil."

"Sasa wanacheka nini?"

"Wanajua ile cherehani niliipata baada ya miaka mingi, Gift akiwa sekondari tayari." Akacheka mwenyewe. "Lakini kila mwaka aliisoma. Angeweza kuiruka, mimi wala nisingeuliza. Hakuiruka. Nilimpenda sana kwa hilo."

Nurdini akatafuna muhogo. "Na yule aliyeninyooshea kidole?"

"Aliuliza kama umeoa. Nikamjibu hilo halimo kwenye taarifa."

"Na kwenye tangi? Mimi nilisoma aya nzima."

"Nilisema, 'bado'."

Nurdini akaifungua taarifa kwenye ukurasa wa miradi. Ile aya aliitunga mwenyewe, akaipangua na kuipanga upya, na aliipenda. Akaanza kucheka, akacheka mpaka dereva akageuka kumtazama.

Kitangari alisoma taratibu. Alipofika kwenye tangi, akaishusha karatasi.

"Tangi la shule halijajengwa," alisema. "Tulilipanga, fedha hazikutosha. Bado."

Akamgeukia Mama Gift, lakini watu walikuwa wameshaelewa. Mama mmoja aitwaye Sijaona, ambaye wanawe walibeba vidumu vya maji kwenda shuleni kila asubuhi, akasimama.

"Baba, tunashukuru. Mwaka jana tuliambiwa lipo katika hatua. Tukasema twende tukaione hiyo hatua. Tukakuta nyasi." Akangoja kicheko kipite. "Sasa ni lini?"

Nurdini akamgeukia. "Sijui, mama. Sitaki kukudanganya. Nitauliza, kisha nitarudi niwaambie."

"Haya," Sijaona akasema, akakaa.

Aliuliza kweli, tena akaulizia mpaka mkubwa wake akachoka naye, na tangi likawekwa mwanzoni kwenye bajeti mpya. Habari hiyo angeweza kuituma kwa simu. Alikwenda mwenyewe siku ya Jumamosi, kwa bodaboda, akawaambia kwamba litasubiri korosho zianze kuuzwa. Hawakufurahi, ila walimsikiliza mpaka mwisho.

Tangi lilijengwa, dogo kuliko lile la kwenye michoro. Ofisini walitaka taarifa iseme limekamilika kwa marekebisho ya usanifu. Nurdini akaomba waandike limejengwa, ila ni dogo, na baada ya kuvutana sana wakamwachia.

Mwaka huo Mama Gift alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo Nurdini alikwenda Kitangari peke yake. Alipomaliza kusoma, Sijaona akasimama tena.

"Ni dogo, kweli. Na linavuja kwenye koki. Andika na hilo."

Akaandika.

Jioni alipitia kwa Mama Gift, akamkuta amejilaza kibarazani, amejifunika khanga.

"Wamesemaje?" akauliza kabla hata ya kuamkiwa.

"Wamekusalimu sana. Wanasema mimi sichekeshi."

"Nisomee basi."

"Yote, mama?"

"Yote. Nimekaa ndani wiki nzima sijasikia chochote."

Nurdini akavuta kigoda karibu, akaanza na mapato. Mama Gift aliitikia kila mstari, akauliza kuhusu ushuru, akasikitika kidogo kwenye barabara. Kwenye mishahara usingizi ukamchukua. Nurdini hakuacha. Alipunguza sauti tu, akaendelea kumsomea mpaka mstari wa mwisho.