Sala Iliyochekesha Ukumbi

Kazi ya Pengo ilikuwa kuzunguka mji hadi mji akichekesha watu, peke yake jukwaani na kipaza sauti. Nyumbani alikuja kufua nguo na kulala. Mama yake hakulalamika. Kila alfajiri alipiga magoti chumbani akamwombea kwa sauti, kama alivyozoea tangu awe mjane, maana nyumba ya mtu mmoja ikinyamaza huogopesha.

Mwaka huo ziara ikapita mjini kwao. Mcheza kwao hutunzwa, akasema Pengo, akamwekea mama kiti cha mbele pamoja na jirani yao, fundi cherehani. Mama akavaa gauni lake la ibada, akaenda.

Pengo alianza na mizaha ya wenye nyumba za kupanga, watu wakacheka. Akaingia kwa wachumba wa kwenye simu, wakacheka zaidi. Kisha akapiga magoti, akafumba macho, akaitoa sauti ya mama yake vile vile, na kikohozi chake: "Ee Mungu, msamehe mume wangu. Miezi yote ile nilimlisha, nikamgeuza kitandani, naye hadi pumzi ya mwisho akaniita kwa jina la yule mwanamke. Na mimi nikawa naitika."

Ukumbi ukalipuka. Fundi cherehani alicheka mpaka akamshika mama goti, halafu mkono ukaganda pale pale. Mama alitazama mbele tu. Maneno yale hakuwahi kumwambia hata dada yake wa tumbo moja. Alimwambia Mungu, mlango ukiwa umefungwa, na mwanawe kalala chumba cha pili. Kumbe hakulala.

Kesho yake mama alimmiminia Pengo chai, akaketi mbele yake, akamwomba kwa upole ayatoe yale kabla hajafika mji mwingine. Pengo, mkate mdomoni, akaeleza kwamba watu wanadhani ametunga, na kwamba kicheko kile ndicho kinachobeba onyesho zima. Akikitoa atarudi kuchekesha kwenye harusi za watu, tena wakiwa wanakula.

"Fundi alijua," mama akasema.

"Fundi alicheka, mama."

"Alicheka. Leo amenisalimu bombani anatazama ndoo."

Pengo akambembeleza, akamwita malkia wake, akasema bila yeye asingekuwa mtu mbele za watu.

"Sikuzuii kunisema mimi, mwanangu. Uchoyo wangu, kikohozi changu, sema. Ila baba yako hawezi kujitetea, na mimi ile ndiyo aibu yangu niliyobaki nayo. Iache."

Gari la ziara likapiga honi nje. Pengo akasimama, akajifuta makombo, akasema ataangalia. Mama ndiye aliyemlea. Aliijua hiyo "nitaangalia" tangu utotoni: ilikuwa hapana iliyovaa shati safi. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akampa nguo zake zilizokunjwa.

Alfajiri iliyofuata alipiga magoti kama kawaida. Alipofungua kinywa, akahisi kama ukumbi mzima umekaa nyuma ya mlango, unasubiri. Akakifunga. Mungu husikia hata yasiyosemwa, hilo analiamini. Akaomba moyoni, taratibu, kwa ajili ya marehemu, ya dada yake, ya fundi. Jina la mwanawe, lililokuwa likitangulia siku zote, siku hiyo hakulifikia.