Sabuni Kali ya Mama Olga

Hakuna mtoto pale Kasongo aliyeoga kama Olga. Asubuhi, mchana na jioni, mama yake Émérance alimkalisha kwenye beseni, akampaka povu mpaka yakabaki macho tu, kisha akamsugua kwa dodoki kama sufuria iliyoungua. Émérance alikuwa fundi wa sabuni ya mawese, na fundi wa sabuni hawezi kulea mtoto mchafu. Watu wangesema nini? Watu, bila shaka, walikuwa wameshaanza kusema.

Olga alikuwa na miaka minne, na tangu uchanga ngozi yake haikujua amani. Kwenye viwiko, nyuma ya magoti na shingoni ilikuwa imekuwa nyeusi kuliko mwili wote, ngumu, imepasuka, na inawasha kupita kiasi. Mtoto alijikuna mpaka damu, na nyumba nzima ikakesha naye. Binamu zake walikataa kulala naye mkeka mmoja. Kanisani, benchi alilokaa halikukosa nafasi hata siku ya Pasaka. "Uchafu," walinong'ona, na Émérance kila akilisikia neno hilo alirudi nyumbani kusugua zaidi.

Mume wake, Jean-Pierre, alikuwa machimboni upande wa Lusangi, kwa hiyo neno la ukoo lilikaa kinywani mwa mama yake, Bibi Anastasie. Naye Bibi Anastasie hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

"Mama Olga, nimengoja sana," alisema. "Kule Kabambare iko mutu mwenye kuchanja watoto wa namna hii. Anakata pale penye upele, anatia dawa ndani. Siku ya soko nitakuja na pikipiki, nitamupeleka mujukuu wangu."

Kuichanja ngozi ambayo tayari inajichana yenyewe! Émérance hakulitaka hilo. Lakini sabuni yake ilikuwa imeshindwa mbele ya macho ya wote. Alimbeba mtoto mikononi, akaenda moja kwa moja kituo cha afya, kwa muuguzi aliyeitwa Hippolyte.

Hippolyte alimtazama Olga bila haraka, kiwiko hiki, kiwiko kile.

"Hii iko egzema," alisema. "Haiko uchafu, na haiambukizi mutu. Ngozi yake inakauka mbio, haishike maji. Unamuogeshaka na nini?"

Hapo Émérance akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alifungua pindo la kitenge akatoa kipande cha sabuni, maana fundi hatembei mikono mitupu.

"Na hii, munganga. Kazi ya mikono yangu. Mawese safi na soda kali."

Muuguzi aliinusa. "Unajuaka namna gani kama imeiva?"

Swali gani hilo! "Ninailamba. Ikiniuma ulimi, njo iko na nguvu. Wamama wa soko wanapendaka ile yenye kuuma."

Akanyoosha mkono kuichukua sabuni yake. Alimwangalia Olga, aliyekuwa akijikuna palepale kwenye kidonda. Mara tatu kwa siku, mama huyu alikuwa akipaka juu ya nyama mbichi kitu ambacho yeye mwenyewe alikitema haraka. Akaketi.

"Mungu wangu, njo mimi nilimuunguza."

"Hapana, mama. Ugonjwa alizaliwa nao. Sabuni iliongeza moto tu." Hippolyte akamweleza polepole: kumwogesha mara moja kwa siku, haraka, kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni wala dodoki; kisha, kabla maji hayajakauka, kumpaka vaselini mwili mzima, na kurudia kila ngozi inapokauka. Akampa na dawa ya kupaka kidogo, pale panapowaka tu, kwa siku za mwanzo.

"Itapona?"

"Itatulia. Siku ingine itarudi, nawe utaituliza tena. Njo vile."

Enyi mnaodhani kazi ngumu ni kusugua, jaribuni kuacha. Kila jioni mkono wa Émérance ulielekea kwenye dodoki wenyewe. Jirani yake Rehema alichungulia uani akamtania: "Mama Olga, sabuni imekwisha kwa fundi?" Émérance alicheka pamoja naye, ila kwa aibu. Na siku za kwanza hakuona kitu.

Kisha asubuhi moja, akipaka vaselini nyuma ya goti la mtoto, kiganja chake kilipita bila kukwama. Akarudia. Kikapita tena. Alikuwa amelainisha sabuni maisha yake yote, akiikata na kuipiga kisu mpaka ing'ae, lakini ulaini huu hakuufanya yeye. Ngozi ilikuwa imejishona yenyewe, kimyakimya, mara tu ilipoachwa ipumzike. Alishangaa mpaka akaogopa, akaondoa mkono.

Siku ya soko ilipofika, Émérance alikuwa uani akikoroga sabuni. Olga akaja kumvuta nguo kwa nyuma.

"Mama, unibebe. Kwa mugongo."

Émérance hakuelewa mara moja. Watoto wote wa Kasongo hukulia mgongoni, lakini huyu hakuwahi kuweza. Joto na jasho ndani ya kitenge vilimfanya apige mayowe kama anayeungua, mama akaacha kujaribu. Sasa alipiga magoti, akamfunga, akangoja kelele. Olga alijisogeza kidogo, akaweka shavu, akalala. Miguu yake mirefu ya miaka minne ilining'inia.

Pikipiki ya Bulaimu, mbeba abiria, ikaingia uani ikinguruma, na Bibi Anastasie juu yake. Alimkuta mkwe wake amesimama na mwiko mkononi, hakorogi, machozi yanamtiririka.

"Mutoto iko wapi?"

"Analala, Mama." Émérance akageuka taratibu.

Bibi alisogea. Akapandisha mkono wa gauni la Olga, akapitisha kidole gumba kwenye kunjo la kiwiko, polepole, kwenda na kurudi. Akaushusha tena mkono wa gauni.

"Bulaimu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "zima pikipiki, utamuamusha."

Akauchukua mwiko mkononi mwa mkwe wake, akainama juu ya sufuria.

"Wewe simama vile vile," alisema, akaanza kukoroga.