Vidole vya Mama Ernest

Ernest alikuwa bingwa wa bei nafuu, na mtaa mzima wa Makole ulilijua hilo kwa sababu mwenyewe hakuwa na simile ya kulinyamazia. Kazini alikuwa afisa manunuzi, na nyumbani alikuwa afisa manunuzi vilevile, maskini Hilda mkewe. Nyanya za fungu moja angezizungukia soko lote la Majengo, aje na mfuko nusu zimepondeka, halafu awasimulie watu ushindi wake kama katoka vitani.

Basi mdogo wake wa mwisho, Violeth, alipopata mchumba huko Cape Town alikokuwa anafanya kazi, na harusi ikapangwa Desemba, Ernest alisimama kanisani kijijini Ihumwa, kwa mama yake, wakati wa matangazo, akasema mbele ya waumini wote: "Mama atapanda ndege. Nitampeleka mimi." Vigelegele vikapigwa. Mama yake, Loisi, alijifunika uso kwa khanga kwa furaha. Hakuna aliyekuwa amemwomba Ernest aseme chochote siku ile. Mdomo wake tu ulimwasha.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alimpeleka mama kuomba paspoti. Sasa vidole vya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni vimelika, havina tena mistari ya kusomeka, na mashine ikasumbua. Kijana wa pale akavifuta kwa kitambaa chenye maji, akajaribu tena, akatikisa kichwa, akajaribu tena. Mwishowe ilikubali, lakini mama aliyekuwa amekaa pale amejikunyata hakuona kukubali. Aliona kutikisa kichwa.

Ikabaki tiketi. Ernest alikuwa ameshakesha na simu yake. Alijua kuwa Jumanne ni nafuu kuliko Ijumaa, na kwamba ukikubali kupitia nchi mbili na kulala kwenye viti vya uwanja na watoto wako wawili, unaokoa hela ya maana. Akaenda na hesabu zake za watu watano, yeye, Hilda, watoto na mama, kwa Urvashi, dada anayekata tiketi za ndege pale mjini.

"Kaka Ernest, bei hii zimebaki nafasi nne," Urvashi alimwambia. "Ukiomba watu watano kwa pamoja, kompyuta inawapandishia wote bei. Kata nne kwa bei hii, ya tano tuikate peke yake. Itakuwa juu, lakini mtaondoka wote."

"Juu kiasi gani?"

Urvashi akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ernest aliangalia, akajikuna shingo.

"Kata nne," alisema. "Ya tano nitairudia."

Hakuirudia. Na hapa nisimwonee: hela kweli haikuwepo. Alikuwa ameshakopa, na ada za watoto zilikuwa zinamsubiri Januari. Kukosa si kosa. Angekwenda Ihumwa, akakaa chini, akasema, mama, sina. Lakini mtu aliyepigiwa vigelegele atasemaje sina? Wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Yeye aliona heri afiche. Akaenda kuichukua paspoti ya mama yake, akaitia kabatini chini ya mashuka, halafu akampigia simu.

"Mama, paspoti imegoma. Mashine imekataa vidole vyako."

Mama akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimekutia hasara."

Na Ernest, jamani, Ernest huyu huyu, alijibu, "Usijali, mama." Alimsamehe! Alipokata simu masikio yalikuwa yanawaka moto, na Hilda alipomuuliza kuna nini, akampa uongo uleule. Akampa na Violeth, ambaye alilia.

Siku chache kabla ya safari alikwenda Ihumwa kuaga na kuchukua zawadi za bibi harusi. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Mashamba ya majirani yalikuwa yamelimwa na kupandwa, uwele umeshachomoza. La mama yake lilikuwa majani matupu. Loisi hajawahi kupitwa na mvua ya kwanza, hata mwaka aliomzika mumewe. Ernest alidhani ni mgonjwa, akakimbilia uani.

Alimkuta amekaa mkekani, mzima wa afya, anatabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usinipe mkono, nina samli."

"Shamba vipi? Unaumwa?"

"Siumwi chochote. Tangu siku ile uliponipigia sijagusa jembe. Niliambiwa vidole vikipumzishwa na kupakwa mafuta, mistari inarudi. Basi nimevipumzisha. Hata vyombo mke wa Bartolomayo hapo jirani ndiye ananioshea. Sasa sikiliza." Alimsogelea kwa magoti kama msichana mwenye siri. "Leo asubuhi nimekwenda kwa wale vijana wanaosajili laini za simu. Mwaka jana mashine yao ilinikataa, unakumbuka? Leo nimeweka kidole mara moja tu. Imekubali! Watu wakapiga makofi!"

Akamnyooshea mikono yote miwili. Vidole vilikuwa laini, vinang'aa. Ernest hakuwahi kuiona mikono ya mama yake hivyo maishani mwake.

"Twende leo leo, baba. Tukiwaomba vizuri si wataiharakisha?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni: muda umekwisha, mama. Ungepita bila shida. Lakini macho yake yalikuwa shambani.

"Na kilimo, mama? Mwaka huu utakula nini?"

"Shamba lipo kila mwaka. Violeth ataolewa mara ngapi?"

Hapo uongo ukamshinda. Aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke imeze mtu.

"Mama, vidole vyako havikukataliwa," alisema, anaangalia mkeka. "Paspoti ilitoka. Ninayo nyumbani. Ni tiketi ndiyo sikukukatia. Hela haikutosha, nikaona aibu kukwambia."

Ernest akatoa simu kwa pupa, akampigia Urvashi mbele ya mama. Je, kiti chake mwenyewe kinaweza kuandikwa jina la mama? Haiwezekani, kaka, tiketi haihamishwi jina. Je, kupata nyingine sasa? Ile ndege imejaa, na iliyobaki, tiketi moja inazidi zile nne zote. Nikope wapi, alisema Ernest kwa sauti, nani atanikopesha. Ile tiketi ya tano, aliyoiona ghali, sasa angeiita sadaka.

Akaweka simu chini. Mama alikuwa anajifuta samli kwa ncha ya khanga, kidole kimoja kimoja.

"Hilda anajua?"

"Anajua kwamba vidole vilikataa."

"Na Violeth?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo wote mlikuwa mnanihurumia." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ungesema sina, Ernest, ningekuombea safari njema, nikachukua jembe langu nikaenda kulima. Nilikulea kwa sina. Leo imekuwa tusi?"

Ernest alilia. Mtu mzima, afisa, na shati lake la kuchomekea, alilia kwa kwikwi mkekani kwa mama yake. Hakubembelezwa.

Wakati huo jirani yao mzee Bartolomayo alikuwa anarudi shambani, jembe begani. Alisimama penye uzio wa miiba, meno nje, akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Mama Ernest, tumesikia laini imekubali! Huyo ndiye kaja kukuchukua?"

Ernest alijifuta uso haraka. Alijua sasa ndiyo mwisho wake. Kabla ya jioni Ihumwa nzima itajua, na Jumapili kanisani watamwangalia.

Mama yake aliviringisha mikono ndani ya khanga, vidole vyote kumi vikapotea.

"Imekataa, shemeji," alisema. "Mashine ya paspoti ni kali kuliko ya laini. Ndiyo uzee huo."

"Loo! Pole sana." Bartolomayo akamgeukia Ernest, akayaona macho mekundu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na wewe pole, baba. Umehangaika na mama yako. Watoto kama ninyi siku hizi hakuna. Mungu akubariki."

"Amina," alisema Ernest. Angefanyaje?

Mzee alipopita, mama aliinuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. Ernest aliruka kulipokea.

"Nipe nilime, mama. Nilime mpaka jioni."

"Na suruali hiyo? Karanga za Violeth ziko mlangoni, zichukue." Alikuwa ameshampita. "Na akikuuliza, mwambie vidole vilikataa. Usije ukamharibia mwenzio harusi."

Akaingia kwenye majani akaanza kulima, na Ernest akasimama pale na mfuko wa karanga mpaka mama alipomwambia, bila kugeuka, kwamba anachelewa.