Mteremko wa Mama Mukankusi

Kwa miaka mitatu Grégoire alikuwa akipeleka barua za misheni kutoka Masisi hadi Pinga, mbio kwa miguu, kupanda na kushuka. Mwaka wa sitini na tisa, wakati wa mvua, ugoko wake wa kulia ukaanza kuchoma. Akaufunga kitambaa, akaendelea. Akausugua kwa mawese, akaendelea. Siku moja, kwenye mteremko juu ya shamba la maharage, mguu ukakataa. Alianguka, akashindwa kusimama.

Mwenye shamba, Mama Mukankusi, mjane aliyepita miaka sitini, aliweka jembe chini. Milimani kote alijulikana kwa kuunga mifupa. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya ugoko polepole, kisha akakoma. Grégoire akapiga ukelele. Maumivu yalikuwa pale pale!

"Mufupa haiyavunjika," mama akasema, "lakini iko inaanza kupasuka. Iko inakuuma tangu lini?"

"Mwezi muzima, Mama."

"Na weye uko unakimbia tu?"

"Barua haingojake, Mama."

"Basi sasa itangoja. Miezi mbili, hapana kukimbia."

Grégoire alihamia kwa dada yake aliyeolewa jirani. Kwanza alilala tu, kisha akatembea na fimbo, kisha bila fimbo. Miezi miwili ilipotimia, mama alibonyeza ugoko, haukuuma tena.

"Nionyeshe namna unashukaka."

Akateremka mbio. Mama akatikisa kichwa.

"Weye mwenyewe unasikia? Kisigino yako inatwanga udongo kama muchi mu kinu. Njo ile ilikuumiza."

Akajitwika kikapu cha maharage, akashuka. Alikwenda mbio, hatua fupi fupi, magoti yamelegea, na kikapu hakikutikisika. Grégoire alitega sikio: ndege alisikika, kijito kilisikika, lakini miguu ya mama haikusikika.

Alimfuata hadi chini akihema.

"Mama, ulijifunza wapi?"

"Nikiwa binti, tulibebaka mizigo ya Wazungu mpaka Walikale. Mwenye alitwanga udongo, alibaki mu njia."

Grégoire akapanda, akashuka tena kwa hatua kama zake, na tena, mpaka jua likaelekea kuchwa.

Mwezi uliofuata alifika Pinga kwa hatua fupi fupi, siku tatu badala ya mbili za zamani. Wapeleka barua wenzake wakamcheka. Kesho yake akaanza safari ya kurudi, miguu yote miwili mizima.